Haki ya Atembeaye kwa Miguu

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyeitandaza ardhi, akaiwekea milima na mito, na akawafungulia waja wake njia za kupita. Twamhimidi, twamtaka msaada, na twamwomba maghufira. Rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake, na kila awafuataye kwa wema hata Siku ya Malipo.

Ama baada ya hayo. Enyi waja wa Mwenyezi Mungu, na nyinyi ndugu wasikilizaji mlio majumbani, madukani na vyuoni, twakuusieni, na twaziusia nafsi zetu kabla yenu, kumcha Mwenyezi Mungu kwa siri na kwa dhahiri. Maana kila mmoja wetu yumo safarini, na msafiri hachukui akiba imfaayo zaidi kuliko hiyo.

Hapa Morogoro Mjini, mtu atokaye nyumbani kwake kwenda kusali Alfajiri katika mitaa ya Bigwa au Kilakala huwakuta watu ambao kwao siku imekwisha kuanza zamani. Ni wakulima wateremkao kutoka vijiji vya milima ya Uluguru. Mwanamke ana ngata kichwani, na juu ya ngata mkungu wa ndizi au tenga la mboga. Nyuma yake binti yake amebeba kikapu kidogo. Miguu imelowa umande na imeshika udongo mwekundu. Wengine waliondoka kwao usiku wa manane, wakapita vijia vyembamba vya mteremko kwa mwanga wa tochi. Sisi huwapisha, au wao hutupisha, kisha twaingia msikitini, nao wakaendelea na njia yao kuelekea sokoni. Leo twataka tusimame kidogo na watu hao, tuulize: je, dini yetu imesema nini juu ya mtu atembeaye kwa miguu, na sisi tulio mjini tunawiwa nini naye?

Ndugu zangu Waislamu, kutembea kwa miguu si jambo dogo katika Kitabu cha Mwenyezi Mungu. Katika Surat al-Hajj, pale Nabii Ibrahim (A.S.) alipoamrishwa kuwaita watu waje kuhiji, wametajwa waendao kwa miguu kwanza, ndipo wakatajwa waliopanda wanyama. Katika Surat al-Furqan, zinapoanza kuhesabiwa sifa za waja wa Mwingi wa Rehema, sifa ya kwanza ni mwendo wao: kwamba hukanyaga ardhi kwa unyenyekevu. Na Luqman, alipokuwa akimuusia mwanawe, hakuacha kumfundisha kuwa na kiasi katika kutembea kwake. Nabii Musa (A.S.) naye alipokuwa akimtafuta mtu wa kumfundisha elimu alitembea na kijana wake mpaka uchovu ukawapata, wakataka chakula cha mchana. Na kila mwenye kuhiji au kufanya umra hukamilisha ibada yake kwa kwenda na kurudi baina ya Safa na Marwa, akifuata nyayo za mama mmoja, Bibi Hajar, aliyekuwa akimtafutia maji mwanawe. Nyayo za mama mwenye dhiki zimefanywa kuwa ibada ya umma mzima.

Katika Hadithi iliyopokewa na Imam Muslim, ukoo wa Banu Salima pale Madina walikuwa wakikaa mbali na msikiti, wakataka kuhama wasogee karibu. Mtume (S.A.W.) akawaambia wabaki katika majumba yao, kwa kuwa nyayo zao zinaandikwa. Basi hakuna hatua ya mja inayopotea mbele ya Mola wake.

Na yeye mwenyewe Mtume (S.A.W.) aliijua njia ya mlimani. Katika mwaka wa kumi wa utume wake, baada ya kufiwa na mkewe Bibi Khadija na ami yake Abu Talib, alipanda kwenda Taif pamoja na Zayd bin Haritha, ili awalinganie watu wa huko. Hawakumpokea. Waliwachochea wajinga na watoto, wakampiga mawe mpaka miguu yake ikatoka damu. Akateremka akiwa amechoka, akakaa kwenye kivuli cha mzabibu katika bustani ya Utba na Shayba, wana wa Rabia. Watu hawa wawili walikuwa maadui wa dini yake. Lakini walipomwona katika hali ile, huruma iliwashika, wakamtuma kijana wao Addas, aliyekuwa Mnasara, ampelekee kishada cha zabibu. Tuzingatie jambo hili. Maadui walimwona mtembezi aliyechoka, na uadui wao haukuwazuia kumpa tunda. Basi sisi tunaosema kuwa ni umma wa Mtume huyo, twampa nini mtembezi aliyechoka anayepita mbele ya milango yetu?

Enyi waja wa Mwenyezi Mungu, mji wetu huu umejengwa juu ya nyayo. Kabla ya gari na kabla ya reli, hapa palikuwa kituo cha misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji. Mji wa Simbamwene, aliouanzisha Kisabengo na kuwekewa ukuta wa mawe, ulikuwa ukijulikana na wasafiri wote wa njia ile. Henry Morton Stanley aliupita mwaka 1871 alipokuwa akimtafuta David Livingstone. Wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, walikuwa wakibeba pembe za ndovu, nguo na shanga, mzigo wa kiasi cha kilo 30 kwa mtu mmoja, kwa miezi mingi, kwa miguu mitupu. Mwaka 1873 Livingstone alipofariki katika nchi ambayo leo ni Zambia, wenzake, nao wakiwamo Susi na Chuma, waliubeba mwili wake mpaka Bagamoyo, wakafika mwaka 1874. Majina ya wapagazi wengi hayakuandikwa na mtu, lakini Mwenyezi Mungu anayajua.

Wala tusifiche upande mwingine wa njia hiyo. Walipita humo pia watu waliofungwa minyororo, wakisukumwa kwenda pwani kuuzwa. Na baadhi ya walioongoza misafara hiyo walikuwa na majina kama yetu, wakisali kama sisi tusalivyo. Mwaka 1873 soko la watumwa la Unguja lilifungwa, na mwaka 1876 Sultani Barghash akaipiga marufuku misafara ya watumwa ya nchi kavu. Twayataja haya kwa sababu mwenye kusali aweza, asipojihadhari, kuishi kwa jasho la miguu ya mwenzake na asione vibaya. Waliokula faida ile nao walikuwa na misahafu majumbani mwao.

Reli ilifika Morogoro mwaka 1907, na kufikia mwaka 1914 ikawa imefika Kigoma, na njia ya wapagazi ikanyamaza. Tangu mwezi wa Juni mwaka 2024 treni ya umeme imekuwa ikienda kati ya Dar es Salaam na Morogoro kwa muda usiozidi saa mbili hivi. Hii ni neema, nasi twamshukuru Mwenyezi Mungu. Lakini wako majirani zetu, ambao milima yao twaiona tukifungua madirisha, wanaotumia muda zaidi ya huo kuteremka kutoka vijijini mwao hadi sokoni. Abiria wa treni amekwisha kufika kutoka pwani, na jirani wa mlimani bado yuko njiani na mzigo wake kichwani.

Sasa natuingie katika jambo lenyewe lililotufanya tuzungumze leo.

Mtume (S.A.W.) alikataza kuwaendea njiani wenye kuleta bidhaa na kuzinunua kwao kabla hawajafika sokoni. Hadithi hii ni sahihi, imo katika Bukhari na Muslim. Na katika mapokezi ya Muslim imekuja kwamba mwenye mali akisha kufika sokoni anayo hiari. Wanazuoni wa madhehebu yetu ya Imam Shafii wamefafanua kwamba mwenye kufanya hivyo hali anajua amepata dhambi, na kwamba aliyeuza, akitambua kuwa amepunjwa, anayo haki ya kuivunja biashara ile. Sababu yake i wazi. Mgeni aletaye mali haijui bei ya siku hiyo. Yule aliyemtangulia njiani anaijua, naye amekwenda kumlaki ili ujinga ule usimwishe mwenziwe kabla hajauza.

Je, ndugu zangu, jambo hili halipo kwetu? Wako watu waamkao mapema kuliko muadhini, wakaenda kusimama chini ya mlima wawangoje wanaoteremka. Mama amechoka, shingo inamuuma, mtoto anasinzia akitembea. Anaambiwa kwamba leo soko limejaa ndizi, kwamba bei imeanguka, kwamba heri auze hapa hapa apumzike. Naye huamini, hutua mzigo, hupokea kidogo. Jua likipanda, mkungu ule ule unauzwa katika Soko Kuu la Chifu Kingalu kwa bei nyingine kabisa. Aliyeubeba mlima mzima amepata sehemu ndogo, na aliyeubeba hatua chache amepata sehemu kubwa.

Hatusemi kwamba uchuuzi ni haramu. Mwenyezi Mungu amehalalisha biashara, na mchuuzi naye ana watoto wanaongoja chakula. Mwenye kwenda kijijini, akaitaja bei ya soko kama ilivyo, akasema, "Nitakupa pungufu ya hiyo kwa kuwa mimi nitalipa gari na ushuru," na mwenye mali akaridhia hali anajua, huyo amefanya kazi ya halali, tena huenda amempunguzia mwenzake safari. Kinachokatazwa ni kuficha, na kusema uongo juu ya bei, na kuufanya uchovu wa mtu kuwa mtaji wako. Mtu akijitetea kwa kusema, "Mbona alikubali mwenyewe?" twamjibu: ridhaa ya asiyejua si ridhaa kamili, na ndiyo maana Sharia imempa hiari baada ya kujua.

Na kuna jambo la pili, nalo latuhusu sote, hata akina baba na akina mama wa nyumbani wasiokuwa wachuuzi. Jambo hilo ni bei ya jioni. Mnunuzi hupita mbele ya mwuzaji asubuhi, akaona mali nzuri, akaiacha. Hungoja mpaka Alasiri ipite. Anajua kwamba mama yule hawezi kulala mjini, na hawezi kuupandisha mzigo mlimani. Ndipo humwendea na kumtajia bei ambayo asubuhi angeona haya kuitamka. Mboga iliyonyauka bei yake hushuka, na hilo ni la haki, kwa kuwa mali yenyewe imepungua. Lakini ndizi ambazo hazijapungua hata kidogo, kilichopungua ni nguvu za mwenye kuziuza tu, basi anayepunguza bei ananunua kitu gani? Ananunua udhaifu wa mwenzake. Mtume (S.A.W.) alimwombea rehema mtu aliye mwepesi anapouza, anaponunua na anapodai haki yake. Tujiulize kama sisi tumo katika dua hiyo, au tumejitoa kwa sababu ya shilingi chache ambazo hata hatutazikumbuka kesho.

Twasema maneno haya, na twamwomba Mwenyezi Mungu atughufirie sisi na nyinyi na Waislamu wote. Mwombeni maghufira, hakika Yeye ni Mwingi wa kusamehe, Mwenye kurehemu.

Khutba ya pili

Sifa njema ni za Mwenyezi Mungu peke yake, na rehema na amani zimshukie ambaye hakuna Nabii baada yake.

Enyi waja wa Mwenyezi Mungu, pengine atatokea mtu aseme: kama kila hatua inaandikwa, basi mwacheni masikini atembee, apate thawabu zake. Hayo ni maneno ya aliyepanda, wala si maneno ya dini. Amepokea Anas bin Malik (R.A.) kwamba Mtume (S.A.W.) alimwona mzee akienda huku ameshikiliwa na wanawe wawili. Akauliza ana nini, akaambiwa kwamba ameweka nadhiri ya kwenda kwa miguu. Mtume akabainisha kwamba Mwenyezi Mungu hana haja na mtu huyu kujitesa nafsi yake, akamwamuru apande. Basi taabu si ibada kwa kuwa ni taabu. Hatua huwa na thawabu kwa kile iendeacho, nako ni kutafuta riziki ya halali, au elimu, au kuitika adhana, au kuunga udugu, au kumzika maiti. Na anayeweza kumpunguzia mwenzake taabu hiyo asijifiche nyuma ya thawabu za mwenzake.

Kwa hiyo mwenye gari, au pikipiki, au nafasi katika chombo chake, aikumbuke Hadithi ya Abu Said al-Khudri (R.A.), kwamba walipokuwa safarini Mtume (S.A.W.) aliwaamrisha wenye mnyama wa ziada wamsaidie asiyekuwa na mnyama, na wenye chakula cha ziada wamsaidie asiyekuwa nacho, akaendelea kutaja aina za mali mpaka sahaba wakaona kwamba hakuna mmoja wao mwenye haki ya kukikumbatia kilichozidi. Kiti kitupu katika gari liendalo Bigwa au Kinole wakati wa Magharibi ni ziada. Mtungi wa maji barazani ni ziada. Na katika Hadithi sahihi ametajwa, miongoni mwa watakaokosa mazungumzo ya Mwenyezi Mungu na kutazamwa naye Siku ya Kiyama, mtu aliyekuwa na maji ya ziada njiani akamnyima msafiri.

Na njia ina haki zake. Mtume (S.A.W.) amezitaja: kuinamisha macho, kuzuia maudhi, kujibu salamu, kuamrisha mema na kukataza mabaya. Amefundisha pia kwamba aliyepanda ndiye amsalimie atembeaye, na atembeaye amsalimie aliyeketi. Tazameni hekima ya jambo hili: aliye juu ndiye aanze, ili kupanda kusimtie kiburi. Basi huyo aendeshaye gari anayempigia honi mama mwenye mzigo kichwani mpaka akaruka mtaroni, na huyo anayemrushia tope shimoni mtoto wa shule, amekosa salamu na ameongeza maudhi. Ukiona mwenye kutembea, punguza mwendo, umsalimie, umpishe.

Enyi vijana na wanafunzi, mlio katika shule zetu na katika vyuo vya Mzumbe, Sokoine na Chuo Kikuu cha Waislamu cha Morogoro, nanyi mna fungu lenu. Wanahistoria wamemtaja Baqi bin Makhlad, mwanachuoni wa Andalusia, kwamba alisafiri kwa miguu mpaka nchi za Mashariki kutafuta Hadithi. Wengi wenu mmelelewa na wazee waliokwenda chuo cha Kurani na shule kwa miguu, asubuhi na jioni, na wako wadogo zenu milimani wafanyao hivyo hata leo. Msiione elimu mliyoipata kuwa ni yenu peke yenu. Leo simu imo mkononi mwa kila mmoja wenu. Mwanafunzi mwenye asili ya mlimani aweza kuuliza bei ya soko jioni, akawapigia wazee wake kijijini kabla hawajalala: ndizi leo ziliuzwa hivi, pilipili manga hivi, karoti hivi. Maneno machache hayo huondoa ule ujinga ambao wengine wanautegea chini ya mlima. Hiyo ni sadaka isiyogharimu kitu, na ni elimu iliyofika kwa mwenyewe.

Na kwa faida ya wenye kusafiri, tukumbushe kwamba Mwenyezi Mungu ameiwekea safari wepesi wake. Mwenye safari ndefu ya halali, ambayo kwa madhehebu yetu ni kiasi cha kilomita 80 na zaidi, aruhusiwa kufupisha sala za rakaa nne na kukusanya Adhuhuri na Alasiri, na Magharibi na Isha. Na katika Ramadhani aruhusiwa kufungua, kisha akalipa siku zake. Ateremkaye kutoka Bigwa juu au Kinole kuja sokoni safari yake haifikii kiasi hicho, hivyo husali sala zake kamili kwa nyakati zake. Basi sisi wa mjini tumfanyie wepesi: maji ya udhu yawepo, mahali pa kusali pawepo, na mahali salama pa kuweka tenga lake pawepo, asije akachagua baina ya sala yake na mali yake.

Ndugu Waislamu, jambo tunaloliomba kwenu juma hili ni dogo. Kesho sokoni, kabla hujataja bei, itazame miguu ya mwenye kuuza. Ikiwa ina udongo mwekundu wa mlimani, jua kwamba imekwisha kutembea kwa ajili yako hali wewe umelala. Taja bei ya haki. Na mwenye kuwangojea watu gizani, na awangojee kwa maji ya kunywa na ukweli wa bei, kisha anunue, na Mwenyezi Mungu atambariki.

Ewe Mola wetu, twakuomba uwahifadhi wote watembeao usiku na mchana kutafuta riziki ya halali. Uitie nguvu miguu yao na uilinde na kuteleza. Uwarejeshe kwa watoto wao wakiwa salama. Ewe Mola wetu, tusamehe kwa kila mwenye haki tuliyemdhulumu kwa kujua na kwa kutojua, na utuwezeshe kumrudishia haki yake kabla ya siku ambayo hakutakuwa na soko wala fedha. Uithibitishe miguu yetu siku miguu itakapoteleza. Uwarehemu wazee wetu waliotutangulia, uibariki nchi yetu, na utujaalie kuwa miongoni mwa wakanyagao ardhi kwa unyenyekevu. Amin.

Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.